Msimu na timu ya mtaa Tanga: kutoka benchi hadi kikosi cha kwanza

Vijana wengi wanaoingia timu za mtaani Makorora, Mwanzange, Chumbageni au Pongwe tayari mpira wanaujua. Danadana wanapiga, chenga wanazo, shuti wanalo. Ligi ya wilaya ikianza wanakaa benchi mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wanaanza kuamini kwamba kocha ana watu wake. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi shida ni kwamba mpira ukifika miguuni mwao, timu nzima inasimama: unatulizwa kwa miguso mitatu, kichwa kimeinama, na pasi iliyokuwa wazi imeshafungwa. Kocha wa timu ya mtaa hana muda wa kulieleza hilo kwa kirefu. Anamwingiza mwingine.

Ukitaka msimu mmoja ukubadilishe, weka nguvu nyingi kwenye kupokea mpira, nguvu za kutosha kwenye pumzi na misuli, na kidogo tu kwenye mbwembwe. Mambo mengine yote yaliyomo humu yanatumikia hilo.

Wiki sita kabla ya ligi

Timu nyingi huanza na mchakamchaka mrefu wa barabarani. Si vibaya kwa wiki ya kwanza, lakini mpira hauchezwi hivyo. Kiungo wa ngazi ya juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa dakika 90, ila anazipata kwa vipande: anatembea, anakimbia kidogo, anachomoka, anasimama, anageuka. Mwenye pumzi ya barabarani peke yake huonekana mzima mpaka achomoke mara tatu mfululizo, kisha anashika kiuno.

Wiki mbili za mwanzo, mara tatu kwa wiki, fanya hivi: kimbia kwa kasi sekunde 15, tembea sekunde 15, endelea hivyo kwa dakika 6. Pumzika dakika 3, rudia mara moja. Kasi iwe ile ambayo huwezi kutamka sentensi nzima. Wiki ya tatu na ya nne fanya mizunguko mitatu badala ya miwili. Wiki ya tano na ya sita rudisha mizunguko iwe miwili na uongeze mbio fupi: mita 30 kwa nguvu zote, mara 6 hadi 8, na kati ya mbio na mbio pumzika dakika nzima au zaidi. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanaona kupumzika ni uvivu, wanakimbia ya pili kabla pumzi haijarudi, na mazoezi ya kasi yanageuka kuwa ya kuchoka tu. Kasi haiongezeki kwa mwili uliochoka.

Ufukweni ni pazuri, ila chagua saa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga wa karibu na maji unakuwa mgumu na tambarare. Huo ndio wa kukimbilia. Mchanga mkavu wa juu unachosha vigimbi na kuuvuta mshipa wa kisigino, kwa hiyo usizidishe dakika 10 na usiufanyie mbio za kasi kabisa. Na kama ufukwe umeinama upande, kimbia kwenda na kurudi palepale ili mguu mmoja usibebe mzigo wote.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo inayochanika sana kwa wanaochomoka, kuna zoezi moja lisilohitaji kifaa. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha shuka mbele polepole ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi bega, ukizuia kuanguka kwa misuli ya paja mpaka ishindwe, halafu jipokee kwa mikono. Anza na mara 3 hadi 5, mara mbili kwa wiki, uongeze taratibu mpaka ufike 10 au 12. Siku mbili za kwanza utatembea kama mzee, ni kawaida. Usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Kupasha misuli moto kusiwe kuzunguka uwanja mara mbili na kunyoosha mguu kwenye nguzo ya goli. FIFA wana utaratibu uitwao 11+, wa dakika 20 hivi: mbio nyepesi dakika 8, mazoezi ya nguvu, kuruka na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Timu zinazoufanya mara mbili tatu kwa wiki bila kuruka hupata majeruhi wachache. Kama mwalimu hautumii, wahi uwanjani uufanye mwenyewe.

Mguso wa kwanza

Mtazame kiungo anayepokea pasi ya beki wake kwenye uwanja wa vumbi. Mpira unakuja ukirukaruka. Mdundo wa mwisho unatokea kama nusu mita mbele ya mguu na kuupandisha mpira usawa wa goti. Asiyezoea ananyoosha mguu kuufuata, kifundo kimekakamaa, mpira unamgonga ugokoni na kwenda mita tatu kwa mpinzani. Aliyezoea ameshaisoma ile midundo: anapiga hatua fupi mbele auwahi kabla haujadunda, au anarudi hatua moja aupokee ukishuka. Kusimama palepale ukasubiri ndiko kunakokuadhiri.

Kabla ya mguu kuna shingo. Geuza kichwa uangalie nyuma ya bega mara mbili: mwenzako anapojiandaa kupiga, na tena mpira ukiwa njiani. Jicho la mwisho lirudi kwenye mpira. Unachotafuta ni vitu viwili tu, adui wa karibu yuko upande gani na nafasi iko upande gani. Ukishajua, simama kiubavu, bega moja likielekea goli la wapinzani, ili mguu wa mbali ndio upokee. Anayepokea akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani ana njia moja, kurudisha pasi alikotoka, na beki wa upande wa pili analijua hilo.

Zoezi lake linataka ukuta wa tofali usio na dirisha karibu, na ruhusa ya mwenye nyumba. Mchana watu wanapolala, acha. Mpira uwe saizi ya 5 na usijazwe upepo kupita kiasi. Kwenye ardhi ngumu mpira uliojaa sana unaruka kama jiwe. Kidole gumba kikiubonyeza kwa nguvu kiingie kidogo.

Simama mita 5 kutoka ukutani. Anza na mguu dhaifu, kwa sababu ukianza na wenye nguvu utauchoka ukuta kabla hujafika kwenye kazi yenyewe. Pasi 50 kwa kila mguu, miguso miwili: wa kwanza unatuliza, wa pili unarudisha. Kisha 50 kwa kila mguu ambapo mguso wa kwanza unausogeza mpira pembeni kwa hatua moja, ukausukuma uendako badala ya kuusimamisha. Kisha 30 huku rafiki amesimama nyuma yako akiita "mtu!" au "geuka!" mpira ukiwa unarudi, akisema mtu, rudisha kwa mguso mmoja, akisema geuka, upokee kwa mguu wa mbali na uzunguke nao. Nusu saa inatosha, mara nne kwa wiki. Wiki ya tatu rudi nyuma hadi mita 8 na upige kwa nguvu zaidi. Wiki ya tano hamia mahali ambapo ardhi ina mashimo, maana viwanja utakavyochezea ligi vingi ndivyo vilivyo.

Makosa yanajionyesha yenyewe. Mpira ukikimbia mbali nawe, kifundo kilikuwa kigumu; kilegeze na uurudishe mguu nyuma kidogo wakati wa kugusa. Ukipaa kila ukipiga, mwili umelala nyuma na unaugusa chini ya kitovu chake. Ukikwama chini ya miguu yako mpaka ujikanyage, ni kwamba unausimamisha badala ya kuusogeza. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mbele ya ukuta linaonekana zuri. Mpira umetulia kabisa, na kwenye mechi ungekuwa umeshanyang'anywa.

Daluga na ugoko

Njumu zenye meno sita ya chuma ni za nyasi laini zenye unyevu. Kwenye ardhi kavu ya mtaani zinasukuma uzito wote kwenye nukta sita, na kisigino na goti ndivyo vinavyolipa. Tafuta zenye meno mengi mafupi ya plastiki. Ukinunua za mtumba, zikunje: zinatakiwa zipinde pale vidole vinapopinda, zikipinda katikati ya unyayo ziache. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya nusu ya upana wa kidole gumba, ukiwa umevaa soksi za mpira.

Mpelekee fundi viatu kabla hazijaachia, azishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Ukisubiri ziachie, mchanga utakuwa umeshaingia kwenye mshono na gundi haishiki tena. Wakati wa masika zioshe matope siku hiyohiyo, zijaze magazeti, zianike kivulini. Jua kali na jiko la mkaa vinaulegeza ushikaji wa gundi na kuikausha ngozi mpaka ipasuke.

Vikinga ugoko ni lazima kwa sheria, na vifunikwe na soksi. Kipande cha boksi kinampumbaza mwamuzi lakini hakizuii teke.

Anayekuja mazoezini kwa baiskeli, kama ilivyo kawaida ya Tanga, aangalie urefu wa kiti: pedali ikiwa chini kabisa goti liwe limepinda kidogo tu. Kiti cha chini sana kinaumiza goti kwa mbele, na wengi wakilalamika goti wanalaumu mpira.

Joto, chakula na Ramadhani

Mechi nyingi huanza saa kumi jioni, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, saa kumi bado ni moto na hewa ina unyevu wa bahari. Jasho halikauki, mwili haupoi. Kunywa kama nusu lita ya maji saa mbili kabla ya mechi, kisha mafunda machache kila mchezo unaposimama. Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Kama jasho lako linaacha chumvi nyeupe kwenye jezi, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamulia chungwa la Muheza upate ladha. Usizidishe chumvi.

Chakula cha mechi ya saa kumi kiliwe saa sita, mwisho saa saba: wali au ugali, samaki au maharage, nazi kidogo. Chapati za mafuta na chipsi zinakaa tumboni. Saa tisa ndizi moja. Baada ya mechi kula ndani ya saa moja au mbili, uji na mayai au dagaa vinatosha kabisa; hakuna haja ya unga wa makopo.

Mwezi wa Ramadhani timu nyingi hupunguza mazoezi, na kwa anayefunga hilo ndilo sahihi. Mazoezi ya mpira miguuni, pasi na mbinu yanafaa katika dakika 40 za mwisho kabla ya magharibi, kwa kuwa maji yako karibu. Mbio za kasi na nguvu ziende usiku, saa mbili hivi baada ya futari au baada ya tarawehe. Gawa maji kati ya futari na daku, usiyanywe yote kwa mkupuo saa kumi alfajiri. Utayakojoa kabla ya jua kuchomoza. Daku iwe na kitu kinachokaa, kama maharage, mihogo au uji mzito.

Kazi ambazo kocha anaziona

Katika ngazi ya wilaya mabao mengi yanatoka kwenye makosa, kwa hiyo anayepunguza makosa anapata namba. Ukimkabili mwenye mpira pembeni, usijitupe. Simama kiubavu, mita moja au moja na nusu kutoka kwake, magoti yamepinda, rudi nyuma polepole ukimsukumia kwenye mstari. Subiri ausukume mpira mbele kidogo zaidi ya mguu wake; ndipo unapoingia. Beki anayeanguka chini kila mara anashangiliwa mara mbili na anapitwa mara tano.

Mpira wa kurusha ni mali inayotupwa bure. Anayeupokea moja kwa moja hana kuotea, na bado timu nyingi zinaurusha kwenye kundi la watu. Panga na winga wako: mmoja aje karibu amvute beki, mwingine akimbilie nyuma yake. Miguu yote miwili iguse chini, mpira utoke nyuma ya kichwa kupitia juu yake. Ukiinua mguu mmoja, mpira unapewa wapinzani.

Ukiwa benchi, usikae na simu. Tazama mtu utakayepangwa naye: anapenda mguu gani, anachoka, anabishana na mwamuzi? Dakika kumi kabla ya kuingia anza kujipasha. Mipira yako mitatu ya kwanza icheze kirahisi, kwa mwenzako wa karibu. Akili ikishazoea kasi ya mchezo, ndipo ujaribu makubwa.

Ukitaka kumuuliza kocha kuhusu nafasi yako, usimfuate siku ya mechi wala mbele ya wenzako. Baada ya mazoezi, msalimie, kisha uliza jambo linalojibika: "Mwalimu, nikipata mpira pembeni unataka nifanye nini kwanza?" Swali la "kwa nini sichezi" linamlazimu ajitetee. Hilo lingine linamlazimu akufundishe.

Kuumia

Enka ikipinduka, toka. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili tatu kwa siku ya kwanza, bandeji, mguu juu ya mto. Usikubali kukandwa kwa maji ya moto wala kuvutwa na mkandaji ndani ya siku mbili za mwanzo. Mishipa midogo bado inavuja damu, na joto na mkono vinaizidisha. Ndiyo maana mguu uliokandwa jioni unaamka asubuhi umevimba mara mbili. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe wa kifundo ukiuma ukiubonyeza kwa nyuma, nenda hospitali upigwe picha.

Uvimbe ukiisha, kazi haijaisha. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara tatu kila siku, kisha fanya hivyo macho yamefumbwa. Enka inayopinduka tena na tena kwa kawaida ni ile iliyorudishwa uwanjani bila kurudishiwa mizani.

Aliyegongwa kichwa akazimia, hata kwa sekunde chache, au akarudi anauliza tumefungana ngapi, hachezi tena siku hiyo. Hilo halina mjadala, hata kama ni fainali.

Ndondo, daftari na majaribio

Ndondo, zile mechi za mtaani za kugombea zawadi, zinafundisha ujasiri, na mbuzi ni mbuzi. Ila mechi ya ndondo Jumamosi na ya ligi Jumapili ndiyo njia fupi ya kuchana paja. Ukicheza moja, nyingine iwe angalau siku tatu mbele, na mwambie kocha kabla hajasikia kwa watu. Fomu ya usajili nayo isome kabla ya kutia saini, maana kuhama timu katikati ya msimu kuna taratibu zake na viongozi wanazishikilia.

Nunua daftari. Kila mechi mwombe mtu mmoja wa nje ahesabu mambo matatu ukiwa uwanjani: mipira uliyopokea, uliyopoteza ndani ya miguso miwili, na pasi ulizopeleka mbele. Andika pia dakika ulizocheza. Kama ulipokea 20 ukapoteza 9 mechi ya kwanza, na mechi ya kumi umepoteza 4, umekua, hata kama hujafunga bao lolote. Kama hesabu haisogei, angalia mipira inapotea dakika zipi. Ikipotea kipindi cha pili, rudi kwenye pumzi. Ikipotea tangu mwanzo, rudi ukutani.

Msimu ukiisha pumzika wiki mbili bila mpira kabisa. Ukiitwa majaribio kwenye timu kubwa ya Tanga, Coastal Union au African Sports, vaa daluga ulizozizoea, wala usifungue mpya siku hiyo. Fika mapema na kitambulisho chako, na sema nafasi moja unayoicheza vizuri. Anayesema "popote" anapangwa popote. Wanaotazama wanaona kazi ya kawaida ikifanywa bila kukosea: Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union kwenda Yanga mwaka 2020 akiwa beki wa kati. Mechi ya majaribio kila mtu anataka kupiga chenga. Wewe angalia bega, pokea kwa mguu wa mbali, toa, kisha songa upokee tena.